Mgombea tayari anajulikana. Kura ya ndani ya chama ya nini?

Mkazi wa Mabibo
Wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi. Januari 2025 chama tawala, CCM, kiliita Mkutano Mkuu Maalumu Dodoma. Wengi tulijua kazi yake ni kumpata Makamu Mwenyekiti Bara, na kweli akapatikana Mzee Wasira. Lakini wajumbe wanarudi makwao, Rais Samia kashapitishwa kugombea urais, Dkt. Mwinyi Zanzibar, na Dkt. Nchimbi mgombea mwenza. Hakuna mtia nia wa pili, hakuna aliyezunguka mikoani kutafuta wadhamini. Waliotetea wanasema hata mchakato ungefanyika angeshinda huyo huyo. Sawa, sasa kama ushindi ni wa uhakika, kura ingemdhuru nini? Mimi naamini anayeongoza ndiye wa kupimwa kuliko wote, maana udhaifu wake utabebwa na chama kizima mpaka siku ya uchaguzi. Wiki hiyo hiyo, Mlimani City, wapinzani Chadema walimweka kwenye sanduku la kura mwenyekiti wao aliyekaa tangu 2004, Mbowe, na akashindwa na Lissu mbele ya kamera. Nataka kuwasikia wana-CCM hasa.

Ngosha wa Kahama
Mkuu, CCM unaijua vizuri ila unajifanya mgeni. Rais aliye madarakani anaachiwa amalize ngwe yake. Mkapa 2000, JK (Kikwete) 2010, Magufuli 2020, nani alisimama nao? Huo utaratibu ndio umekishika chama kisipasuke. Mmesahau 2015? Watu 38 wamerudisha fomu za kuomba urais, kila mmoja na kambi yake, kutukanana kila kona, na mwisho Lowassa, waziri mkuu wa zamani, akahama na watu wake. Na kwa wajumbe hawa wa kununuliwa kwa kitenge na nauli, huo ushindani mnaoulilia ni mnada tu.

Binti Ilala
Ngosha, Lowassa alishindana na nani 2015? Hakufika kwenye sanduku! Kamati Kuu ilitoa majina matano: Magufuli, Membe, Migiro, January Makamba na Amina Salum Ali. Jina la aliyekuwa anaongoza halimo. Wajumbe wa Halmashauri Kuu wakaimba ukumbini kwamba wana imani naye, mwenyekiti akiwa anaingia. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Nchimbi, Sophia Simba na Kimbisa, wakatoka hadharani usiku kuukataa uamuzi. Tarehe 28 Julai mtu yuko Chadema, na Oktoba akapata kura zaidi ya milioni sita. Angeachwa apigiwe kura na mkutano mkuu, akashindwa, angewaambia nini watu wake? Unalaumu ushindani kwa mpasuko ulioletwa na kukatwa jina.

Mstaafu Iringa
Ngosha mwanangu, hilo la kitenge na nauli sikubali lipite. Mwaka 2020 nilikuwa mjumbe wa kura za maoni za ubunge jimboni kwetu. Watia nia walijaa mpaka viti vya mbele vikawaishia, wengine wakasimama ukutani wakisubiri zamu ya kujieleza. Kura zilihesabiwa pale pale, karatasi inainuliwa juu tunaiona, jina linasomwa. Mmoja aliyekuja na msafara wa magari na vijana wa kumshangilia, jina lake halikusomwa hata mara moja. Waliopokea hela walikuwepo, siwafichi, na usiku wa kuamkia siku ile simu zilikuwa haziishi. Lakini walipokea kwa wote na ndani wakamchagua waliyemtaka. Ndiyo sababu walioshindwa waliondoka wanasema "wajumbe si watu". Mimi senti ya mtu sikula. Ukisema wajumbe wote wananunuliwa umenitukana mimi, na hunijui.

Ngosha wa Kahama
Shikamoo mzee wangu. Sijakutaja wewe. Ila umesema mwenyewe: walipokea kwa wote. Hoja yangu imesimama.

Mstaafu Iringa
Marahaba. Haijasimama. Anayepokea kwa wote hajanunuliwa na yeyote.

Dada Tabora
Mimi naomba Ngosha aeleze kwa nini ni kitenge. Kwa nini hukusema pikipiki, au bia? Kila mkitaka kudharau kura mnamtafuta mwanamke. Sisi wa UWT, jumuiya ya wanawake ya CCM, ndio tunaopita nyumba kwa nyumba na daftari la wanachama, jua letu, mvua yetu. Kampeni zikifika tunaitwa nguzo ya chama, zikiisha tunaitwa watu wa kitenge. Omba radhi kwanza, ndipo tuzungumze urais.

Ngosha wa Kahama
Dada, kitenge wanapewa hata wanaume wapeleke nyumbani. Usinilishe maneno.

Dada Tabora
Umeyaandika wewe, yako hapo juu. Radhi bado.

Mkazi wa Mabibo
Jamani turudi kwenye mada. Nimeuliza kuhusu urais.

Msukuma wa Minnesota
Ngoja niwape la huku Marekani. 2024 Democrats walikuwa na Biden, rais aliye madarakani, kwa hiyo wakubwa wote wa chama wakakaa pembeni. Aliyethubutu kati ya wenye vyeo ni mbunge mmoja tu wa kwetu hapa, Dean Phillips, akaonekana msaliti. Florida chama kilipeleka jina moja tu, uchaguzi wa ndani haukufanyika. Halafu Juni 27 mdahalo na Trump, nchi nzima ikaona hali ya mzee. Julai 21 akajitoa, Harris akachukua bila kupita kwenye kura za mchujo, zikiwa zimebaki siku kama mia. Kama angeshindanishwa mapema, kasoro ingeonekana wakati bado kuna muda wa kurekebisha. Na 2008 Hillary ndiye aliyekuwa anaongoza, ushindani ukamleta Obama.

Ngosha wa Kahama
Tuachie ya Marekani, mkuu. Tuzungumze ya Mlimani City mnayoisifia. Lissu alimshinda Mbowe kwa kura 13, halafu? Chama kikapasuka! Kina Salum Mwalimu wamehamia chama kingine cha upinzani, CHAUMMA, mwezi Mei, na Mwalimu akagombea urais huko huko. Huo ndio umoja unaoletwa na sanduku?

Binti Ilala
Kura 31. 513 kwa 482. Na Mbowe alikubali matokeo asubuhi ile ile na kumpongeza mwenzake, na mpaka leo hajaanzisha chama. Walioondoka waliondoka kwa kutofautiana juu ya kwenda au kutokwenda kwenye uchaguzi bila mageuzi. Ni ugomvi wa msimamo, unajadilika. Sasa nitajie tofauti ya msimamo iliyojadiliwa Dodoma kabla ya mgombea kupitishwa. Moja tu. Uchaguzi wa Oktoba tukatangaziwa Rais Samia kapata asilimia 97.66, intaneti imezimwa, Dar tuko kwenye amri ya kutotoka nje usiku, watu wamekufa. Mgombea ambaye hakuulizwa swali gumu na wenzake ndani, na nje Chadema imeondolewa kwenye uchaguzi na Lissu yuko mahabusu, angelisikia wapi jambo ambalo wananchi walikuwa wanalisema kila siku?

Ngosha wa Kahama
Hapo unaleta chuki. Vurugu za Oktoba hazihusiani na fomu.

Binti Ilala
Nimezika jirani yangu. Usiniambie chuki.

Mstaafu Iringa
Pole sana binti yangu. Mungu awape faraja.
Ngosha, nikurudishe kwa wajumbe, maana ulianza wewe. Mwaka 2025 chama kilipanua wapiga kura wa maoni. 2020 wajumbe wa jimbo tuliingia ukumbi mmoja. Agosti 2025 walikuwa maelfu, wanapiga kura huko huko kwenye kata zao. Sababu iliyotolewa ni hiyo hiyo unayoisema, rushwa: ukumbi mmoja unaweza kuuhonga, kata zote huziwezi. Sasa kama chama kinakiri kwamba dawa ya kununua wajumbe ni kuongeza wapiga kura, kwa nini kwenye urais dawa iwe kuondoa kura yenyewe?

Ngosha wa Kahama
Kwa sababu urais si ubunge, mzee. Jimbo likivurugika chama kinabaki. Nafasi ya urais ikivurugika hakuna chama.

Mstaafu Iringa
1995 JK aliongoza raundi ya kwanza, Mkapa akampita ya pili, Mwalimu Nyerere akiwa ukumbini. JK hakuhama. Akangoja miaka kumi, akashindana na Salim Ahmed Salim na Mwandosya, akashinda. Chama kilikuwepo.

Mkazi wa Mabibo
Mzee, hilo ndilo nililotaka lijibiwe. Ngosha?

Dada Tabora
Ngosha ana deni langu kwanza.