Amplifaya ya valvu ya wati 5: spika ya inchi 8 imekufa, na boksi la nje la inchi 12 niliunganishe vipi?

gita_kisauni
Salaam wakuu. Amplifaya ni ya gita, ndogo, mtindo wa Fender Champ: valvu (taa ya kioo inayokuza sauti) ya 12AX7 moja mbele, ya 6V6 moja mwishoni, wati 5. Spika ya ndani ni inchi 8 na nyuma ya chesisi (fremu ya chuma) pameandikwa omu 4, yaani ukinzani wa spika inayotakiwa. Jeki za spika ni mbili, moja ya ndani na moja ya nje. Sasa inakwaruza kwenye nyuzi nene hata sauti ikiwa chini, na karatasi ya spika imechanika ukingoni.

Kuna spika ya gari ya inchi 8, omu 4, wati 150, kwa bei ya kutupa. Itafaa? Nikipata ya omu 8 je? Na boksi la nje la inchi 12 nilipige pamoja na ya ndani au peke yake? Niko karibu na bahari, kama hilo lina uzito wowote.

fundi_wa_makupa
Kwanza hakikisha ni spika kweli. Zima, chomoa umeme, chomoa na jeki ya spika. Hili la jeki watu hulisahau: ukipima spika ikiwa bado imeshikana na amplifaya, mita inasoma waya wa transfoma inayolisha spika pia, na utaona karibu sifuri hata kama spika ni nzima. Gusanisha ncha za mita, uone zenyewe zinasoma ngapi, uitoe hiyo. Spika ya omu 4 husoma 3 hadi 3.5 hivi, ya omu 8 husoma 6 hadi 7, ya omu 16 husoma 11 hadi 13. Isiposoma kitu, koili (waya uliozungushwa nyuma ya karatasi) imekatika, au ule uzi laini unaotoka kwenye karatasi hadi kwenye terminali umeoza. Uzi unalehemeka. Koili hailehemeki.

Kisha bonyeza karatasi polepole kwa vidole vya mikono miwili, sawasawa pande zote. Ukisikia mkwaruzo kama wa mchanga, koili inasugua sumaku. Isiposugua na ufa ni mdogo, karatasi nyembamba na gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji vinaziba vizuri tu.

Spika ya gari achana nayo. Wati 150 si sifa kwako, maana hizo ni wati inazovumilia, si sauti inayotoa. Tazama desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) zilizoandikwa kwa wati 1, mita 1. Woofa ya gari ikiwa na 88 na spika ya gita ikiwa na 97, tofauti ni desibeli 9, yaani mara 8 kwa nguvu. Wati zako 5 kwenye spika ya gita zitasikika kama wati 40 kwenye hiyo ya gari. Halafu ukingo wake ni wa mpira na karatasi yake nzito, imetengenezwa kwa besi. Gita litasikika kama limefunikwa blanketi.

Unachotaka ni karatasi nyepesi yenye ukingo wa karatasi hiyohiyo iliyokunjwa, wati 15 hadi 25. Amplifaya ya wati 5 ukiifungulia mpaka ikorome inaweza kukaribia wati 10, kwa hiyo usishuke chini ya 10. Jensen C8R ni ya wati 25 na inauzwa kwa omu 4 na omu 8. Kabla ya kuagiza pima kina kutoka ubao wa mbele hadi kwenye transfoma na valvu. Sumaku nyeusi za feraiti ni pana kuliko zile ndogo za zamani za alniko, na katika kiboksi kidogo hivyo zinaweza kugonga.

omu_kwanza
Naongezea kwenye omu, maana hapo ndipo pesa huungua.

Jeki ya pili kwenye amplifaya za mtindo huo imeunganishwa sambamba na ya kwanza, yaani umeme unagawanyika kwa spika zote mbili na omu za jumla zinashuka. Ndani omu 4 na nje omu 8, transfoma inaona 2.67, na ile ya omu 4 inachukua theluthi mbili za nguvu. Kwa hiyo boksi lako kubwa la inchi 12 ndilo litakalopata makombo. Ndani 4 na nje 4, inaona 2. Ndani 8 na nje 8, inaona 4 kamili.

Ushauri wangu: ndani weka omu 8 na boksi la nje liwe omu 8. Zote mbili zikiwa zimechomekwa uko sawasawa na maandishi ya chesisi. Isitoshe, spika nyingi za gita za inchi 12 hutoka kwa omu 8 au 16. Ya omu 4 utaitafuta sana.

fundi_wa_makupa
@omu_kwanza hesabu ni sahihi ila hapo sikubaliani. Yeye siku nyingi atapiga na spika ya ndani pekee, na itakuwa omu 8 kwenye transfoma ya omu 4. Nguvu itapungua na volti upande wa valvu zitapanda. Kupanda huko ndiko kunakochosha insulesheni ya transfoma. Omu zikishuka chini ya zilizoandikwa, valvu ndizo zinazochoka zaidi, na valvu unabadilisha kwa mkono. Fender wenyewe waliweka jeki ya pili sambamba, Deluxe Reverb ya omu 8 ikiongezewa omu 8 inashuka hadi 4, na ilitoka kiwandani hivyo. Afadhali omu zishuke nusu kuliko zipande mara mbili.

Mimi ningefanya ndani omu 4, nje omu 8, na kamwe zisipigwe pamoja.

omu_kwanza
Lakini boksi hilo la omu 8 likipigwa peke yake, ni kupanda kulekule mara mbili unakokukataa! Kwa wati 5 na 6V6 moja, kupanda huko hakuui transfoma iliyo nzima. Kinachoua ni kupiga bila spika yoyote. Chaguo langu linabaki, ila nakubali kwamba asiyechomeka boksi la nje mara kwa mara abaki na omu 4 ndani.

@gita_kisauni zima kabla ya kuhamisha waya, kila mara. Na boksi likipigwa peke yake lichomeke kwenye jeki kuu, usilichomeke kwenye ya nje. Kwenye nyingi za mtindo huo jeki kuu ikiwa tupu hujipiga shoti yenyewe ili kulinda transfoma, kwa hiyo ukichomeka ya nje pekee hutasikia kitu.

gita_kisauni
Shukrani. Nimeelewa, nitaanza na omu 4 ndani. Boksi la inchi 12 nitamwambia seremala alitengeneze. Mbao gani, vipimo gani, na spika ipi?

mbao_na_gita
Yakhe, kwa hewa ya Mombasa usikubali chipbodi, wala MDF. Zinanyonya unyevu pembeni, zinavimba, na skrubu zinalegea. Chukua plaiwudi ya marini ya milimita 18 kwa boksi lote, na ubao wa mbele unaobeba spika unaweza kuwa wa 12 hadi 18. Kingo zote zilizokatwa zipakwe vanishi hata zile za ndani, pamoja na ukingo wa tundu la spika. Mafundi huruka hapo kwa sababu hapaonekani.

Vipimo vya nje: upana sentimita 50, kimo 45, kina 27. Tundu la spika ya Celestion ya inchi 12 ni milimita 283. Seremala asikate 305 kwa kuwa "inchi 12 ni 305", maana matundu ya bolti ya spika yataangukia hewani, hayatapata mbao. Kama una spika nyingine, ipime yenyewe. Nyuma acha wazi kiasi cha theluthi moja hadi nusu: ubao mmoja juu, mmoja chini, katikati pawe wazi. Ukifunga nyuma yote besi inakaza na sauti inakwenda mbele tu.

Spika: Greenback ya Celestion, G12M, ni wati 25 na desibeli 98, laini kwenye nyuzi nyembamba. Vintage 30 ni wati 60, desibeli 100, ina makali katikati na inapenya ukumbini. Kwa wati 5 zote zitabaki safi, mkoromo utatoka kwenye valvu. Desibeli hizo 2 si haba kwa mwenye wati 5.

Bolti za M5 za chuma kisichoshika kutu. Kaza moja, kisha iliyoelekeana nayo, kidogokidogo. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho fremu inapinda, na spika mpya inaanza kusugua siku ya kwanza.

Waya wa boksi uwe wa umeme, nyuzi mbili, milimita 1 mraba au 1.5. Usitumie waya wa gita. Ule wa ndani ni mwembamba na siku ukikatika, amplifaya inabaki bila spika ikiwa imefunguliwa hadi juu.

fundi_wa_makupa
Na hapo ndipo bahari inapoingia. Chumvi inakula ile sahani ndogo ya jeki, inakuwa ya kijani, na mguso unakuja na kwenda. Kwenye redio ni kero tu. Kwenye amplifaya ya valvu kila mguso unapopotea, transfoma inarusha volti nyingi kwenye soketi ya valvu, na ukiona alama nyeusi kati ya pini za 6V6 ndiyo hiyo. Safisha jeki zote mbili kwa spirei ya kusafishia kontakti kila baada ya miezi michache, chomeka na kuchomoa mara kadhaa, umeme ukiwa umezimwa. Sauti ikianza kukatika katikati ya wimbo usitingishe waya ukiendelea kupiga. Zima kwanza.

gita_kisauni
La mwisho: nikikosea chanya na hasi kwenye spika?

omu_kwanza
Spika moja peke yake, hakuna shida. Zikipigwa mbili pamoja zikiwa kinyume, besi inatoweka. Chukua betri ya tochi ya volti 1.5, gusa chanya ya betri kwenye terminali ya chanya kwa sekunde moja, spika ikiwa haijaunganishwa. Karatasi isogee mbele kwa zote mbili. Moja ikirudi nyuma, pindua nyaya zake, usiamini rangi: spika za zamani za JBL zilikuwa kinyume kutoka kiwandani.