Mnaotembea na spika kwenye njia za msituni, mnakera!

Wakuu, nimerudi sasa hivi, viatu bado vina tope na hasira haijanitoka.

Nilitoka alfajiri nikifuata kitu kimoja tu, utulivu. Wiki nzima masikio yanashindia honi na jenereta, nikasema leo nashinda msituni, mwendo wa taratibu, chupa ya maji mkononi. Saa mbili za mwanzo zilikuwa raha tupu. Nikamkuta kigogota kwenye mti mkavu, kama mita 10 kutoka niliposimama. Mkia ameukandamiza kwenye gome kama mguu wa tatu, anagonga, anatulia, kichwa upande, anagonga tena. Mbali kabisa mwenzake akajibu. Kugonga kule si kutafuta wadudu tu, ndivyo wanavyotangaza mipaka yao na kuitana. Nilikuwa napumua kwa kuiba nisimshtue.

Mara dum dum dum! Watu sita, mmoja kaning'iniza spika kwenye begi, sauti hadi mwisho. Ndege huyo akatimka.

Nikawaomba kwa adabu wapunguze. Najibiwa, "Kwani msitu wako?" Si wangu! Wala si wako! Sasa nani kakupa ruhusa ya kuujaza wimbo wako peke yako, sisi wengine twende wapi?

Viumbe wa mle wanaishi kwa masikio jamani. Ndege akiona mwewe anapiga mlio wa kuwaonya wenzake, na mlio huo ukimezwa na muziki wenu, onyo halifiki. Na binadamu je? Mtu akiteguka mguu nyuma ya kona akaita msaada, mtamsikiaje? Nyoka akichakarisha majani pembeni ya njia, mtajuaje?

Najua atakuja mtu hapa kusema muziki unampa nguvu ya kupanda mlima. Sawa, vaa hedifoni, tena sikio moja, ujipe nguvu zako kimya kimya. Hakuna atakayekuuliza.

Wakati wa kurudi nilipita pale pale, nikakaa chini ya ule mti karibu nusu saa. Vumbi la mbao lilikuwa bado jipya kwenye mizizi. Yeye hakurudi.

Wewe mwenye begi jekundu, kama unasoma hapa, ile spika iache nyumbani.