Mjadala: Kiwanda kisafi kinatosha kuifanya dawa ya Ayurveda kuwa salama?

Ndugu zangu, kila tukigusa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, hoja inayokuja ni ile ile: dawa hizi zimetumika India karne nyingi, ubaya umeletwa na viwanda vichafu, kwa hiyo wakibanwa watengenezaji mambo yamekwisha. Nakubali nusu yake tu.

Viwanda vina makosa yao, sikatai. Mmea hufyonza risasi, metali yenye sumu, iliyomo udongoni. Unga wa mzizi wa ashwagandha, mmea wa dawa, huchanganywa na majani yake, mnunuzi asijue. Hayo ukaguzi unayaweza, na Jedwali T la kanuni za dawa za India linaeleza kiwanda kinavyotakiwa kuwa.

Lakini rasa shastra, tawi la Ayurveda linalotengeneza dawa kwa metali na madini, ni jambo jingine kabisa. Humo zebaki, risasi au arseniki hutiwa kwa makusudi, husafishwa na kuchomwa tena na tena mpaka iwe jivu liitwalo bhasma. Kiwanda kiwe kisafi namna gani, bhasma ya risasi itatoka na risasi yake. Watetezi wanasema moto umeshaondoa sumu.

Mwaka 2011 na 2012, jijini New York, wajawazito sita waliotumia dawa za Ayurveda kutoka India walikutwa na sumu ya risasi. Baadhi ya dawa zao zilikuwa na risasi hadi asilimia 2.4, yaani gramu 24 katika kila kilo. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa mitishamba ni miligramu 10 kwa kilo! Kiasi hicho hakitoki udongoni. Na hao walikuwa na watoto tumboni.

Linaloniuma zaidi ni hili. Tangu Januari 2006 India iliagiza dawa za mitishamba mitupu zipimwe metali nzito kabla ya kusafirishwa nje. Agizo hilo halikumgusa mgonjwa wa Mumbai au Kerala anayenunua dawa nyumbani kwake, wala halikuigusa bhasma. Mgeni alilindwa kabla ya mwenyeji.

Sisemi Ayurveda ipigwe marufuku. Nataka chupa iandikwe waziwazi metali iliyomo na kiasi chake, na mjamzito asiuziwe kabisa. Ninyi mnaosema moto huondoa sumu, mtakubali damu ya mgonjwa ipimwe risasi kabla ya kuanza dawa, kisha ipimwe tena baada ya miezi mitatu?