Wauzaji na mafundi wa kufuli za siri za makabati, betri ikifa mlango umefungwa tunaingiaje?

Wakuu salaam. Nimekasirika na sitaandika kwa mpangilio, atakayechoka aruke.

Hivi hawa wanaotuuzia hizi kufuli za umeme za kuficha ndani ya kabati, zile unagusisha kadi mlangoni unasikia tk ndo unavuta, kuna hata mmoja amewahi kukwambia siku betri ikikata unaingiaje? Mmoja tu anyooshe mkono. Mi nimenunua tatu, nikalipa na fundi wa kuzifunga, na katika maneno yote matamu niliyomwagiwa pale dukani Kariakoo, oh dada haina tundu la funguo, mwizi hata hajui kama pana kufuli, mtoto hawezi, ni za kisasa, hilo swali halikuguswa kabisa. Na ndo swali lenyewe! Kufuli isiyo na tundu la funguo haina tundu hata kwa mwenye nyumba.

Na kabla hamjanirukia, simfungii dada wa kazi sukari. Nawajua. Nina mdogo aliyeanza kufungua kila droo anayoifikia na kaka yake anapanda stuli, na jikoni kuna jiki, kuna dawa ya panya, kuna mafuta ya taa ya akiba ya siku umeme ukikatika, halafu kabati la juu ndo zinakaa dawa za presha za mama mkwe ambaye tunaishi naye. Funguo za kawaida tulikuwa nazo, zinapotea, au zinaachwa zinaning'inia hapohapo mlangoni, sasa hapo umefunga nini. Kwahiyo wazo la kadi sio baya, msinielewe vibaya. Hasira yangu ni namna zinavyouzwa na zinavyofungwa.

Kwa asiyezijua, ni kijisanduku cha plastiki kinakaa ndani ya kabati, kina antena, mota ndogo na ulimi unaoshika ndoano iliyopigwa kwenye mlango. Kadi yenyewe haina betri, inapata nguvu kutoka kwenye mawimbi ya kufuli, nyingi zinatumia masafa ya 13.56 MHz na zingine 125 kHz, inataja namba yake, kufuli ikiitambua inaachia. Sasa hayo mawimbi yanapenya mbao kwa sentimita mbili, tatu hivi ikijitahidi. Bodi ya MDF ya makabati yetu mengi ni milimita 18, yaani hapo ushakula karibu uwezo wote, na fundi wangu kwenye kabati la chini akaongeza kipande cha mbao katikati ili "ikae imara". Matokeo yake mpaka leo nikitaka kufungua lile kabati napitisha kadi juu chini kulia kushoto kama napaka mtoto mafuta, hadi nipate pointi. Na mwenye milango ya aluminiamu au ya chuma hata usihangaike, kadi haitasomwa, ila nenda kaulize dukani uone kama watakwambia. Watakuuzia tu.

Tuje kwenye betri sasa, hapa ndo penye moto.

Zinaingia AA nne, kila moja volti 1.5 kwahiyo jumla 6. Muuzaji akasema mwaka mzima hugusi. Fundi akaja akaweka zile betri za bei ya chini za saa ya ukutani. Jamani saa ya ukutani inanyonya umeme kidogo mno, betri yoyote itaiendesha. Mota ya kufuli inataka nguvu nyingi kwa mkupuo mmoja, na zile betri za kaboni zikivutwa hivyo volti inashuka palepale. Zinatakiwa za alkali. Na zile za kuchaji nazo ukiziweka nyingi zinatoa volti 1.2 kila moja, nne zinakupa 4.8, kuna kufuli zinaona hiyo ni betri iliyokwisha wakati umeichaji usiku kucha. Haya yote nimeyajua baadaye kwa kuhangaika mwenyewe. Aliyelipwa kunifungia hakutamka hata moja.

Ile ya kabati la dawa ikaanza kulia pii pii pii kila ukigusa kadi. Karatasi ya maelekezo ni ya Kichina mwanzo mwisho na kimchoro kimoja, sasa nani atajua kwamba huo ndo mlio wa kuomba betri mpya? Dada wa watu alidhani ndo inavyofunguka siku hizi. Halafu jioni moja ikanyamaza. Kadi yangu, kimya. Kadi ya mume wangu, kimya. Dawa za mama zimo ndani.

Nampigia fundi, "mama niko saiti Kigamboni, kesho asubuhi na mapema nakuja". Nampigia muuzaji, "jaribu kadi nyingine dada'angu". Kadi nyingine inasaidia nini na kufuli yenyewe ndo haina umeme?? Nikamuuliza hivyohivyo akakata simu. Kabati limejengewa ukutani, huwezi kulivuta, bawaba ni zile za kujificha, skrubu zote ziko upande wa ndani, mlango hauna hata upenyo wa kuingiza kisu. Ikabidi tumgongee jirani mwenye drili, akatoboa matundu chini ya kabati, akakata ubao wa chini, akaingiza mkono. Mama kameza dawa imeshapita saa tatu usiku na yeye ndo wa kumeza saa kumi na mbili jioni. Mzee wa watu kakaa pale kwenye kiti anatupa pole sisi!

Na mkumbuke hiyo ndo ile kufuli ambayo mwizi hawezi. Jirani hakutoka hata jasho. Nyuma ya makabati mengi mnayouziwa kuna plaiwudi ya milimita 3, mtu akiwa na bisibisi na nia anaingia. Kwahiyo habari za mwizi tuziache, hizi kufuli ni za watoto na za kuzuia wadokozi basi.

Sasa sikieni hii. Tulivyofungua ndo tukaona ubavuni mwa kile kijisanduku kuna tundu la USB. La nini? La dharura! Betri zikifa unachomeka pawabenki, kufuli inapata umeme, unagusisha kadi inafunguka. Ila limekaa NDANI ya kabati lililofungwa. Watengenezaji wamelifikiria hilo, wameweka na waya mrefu kwenye pakiti, kazi ya fundi ilikuwa kutoboa katundu kadogo chini ya kabati mahali pasipoonekana na kuutoa ule waya nje. Dakika tano za kazi. Waya nimeukuta kwenye boksi, umefungwa na kimpira chake vilevile ulivyotoka kiwandani. Nilikaa chini jikoni nikacheka peke yangu, maana kulia nilishindwa.

Kurudi dukani naambiwa bidhaa ikiuzwa hairudishwi, ananionyesha na karatasi ukutani. Risiti alinipa ya kuandika kwa mkono, nilipoomba ya EFD, ile ya mashine ya kodi, siku ile akasema mashine mbovu, mashine zao huwa mbovu kila mteja anapotaka risiti. Bosi wangu, hicho kikaratasi cha ukutani sio sheria. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji na Tume ya Ushindani ipo hapahapa Dar. Na ukiniuzia kitu nikiwa nimekueleza wazi kwamba ndani nitaweka dawa za mgonjwa, unatakiwa uniuzie kitu kinachofaa kazi hiyo, sio ilimradi boksi limetoka kwenye shelfu.

Maana kumbe ziko aina mbili! Kuna zinazobaki zimefunga betri ikifa, na kuna ambazo betri ikishuka sana zinaachia zenyewe kabla hazijazima, mlango unabaki wazi. Kwa dawa ya panya nataka ile ya kwanza, ibaki imefunga hata mwezi. Kwa dawa za presha nataka ya pili, heri iwe wazi dawa nihamishie kabatini kwangu kuliko mgonjwa akose. Muuzaji alitakiwa aulize swali moja tu, dada unafungia nini? Badala yake kaniuliza nataka nyeupe au nyeusi. Kitu chenyewe kinafichwa ndani, rangi ya nini??

Gundi nayo, niseme kidogo. Moja fundi aliibandika kwa ile tepu ya pande mbili badala ya skrubu eti asiharibu kabati. Kwa joto na unyevu wa huku kwetu pwani, na jiko liko karibu, mvuke wa maharage kila siku, tepu imelegea ndoano ikashuka, ulimi haukuti kitu, mlango unafunguka bila kadi wala nini. Hiyo ndo ilikuwa ya jiki. Mungu mkubwa aliyeiona ni mimi na sio yule mdogo.

NYONGEZA: naona komenti zimekuwa nyingi, najibu kwa pamoja.

Anayesema nisajili simu yenye NFC, ile inayogusishwa kama kadi, badala ya kadi, mkuu simu nyingi zinatoa namba ya kubahatisha tofauti kila zinapoguswa, kwa ajili ya usalama, na hizi kufuli zinakumbuka namba tu. Leo itafungua kesho itakukana. Halafu hata ingekubali, betri ya kufuli ikifa simu itafanyaje?

Anayesema kadi zinakopiwa, ni kweli hasa zile za 125 kHz, ila mtoto wangu hajafika huko.

Anayesema ningenunua zile za sumaku, unapitisha sumaku nje kikomeo kinaachia, hazina betri wala waya. Hilo nakubali na ile ya jiki nabadilisha kuwa ya sumaku wiki hii.

Fundi mmoja humu kanitukana eti wateja wa bei rahisi ndo tulivyo. Kaka nimelipa bei uliyotaja bila kupunguza hata mia kama wewe ndo yeye, na kama sio wewe basi tueleze wewe huwa unautoa huo waya nje au unauacha kwenye boksi? Jibu hilo kwanza ndo uendelee kutukana.

Na mwenye zile zinazoachia zenyewe betri ikishuka, za Dar au anayetuma kutoka Arusha, weka bei na picha ya ubavuni tuone tundu la umeme liko wapi. Weka hapahapa mbele ya wote. Inbox siji.