Gavana Zulum na kambi za Maiduguri: alifanya sawa kuzifunga?

Wadau, naomba tulijadili hili bila ushabiki.

Babagana Zulum, gavana wa jimbo la Borno kule Nigeria, ni kiongozi ambaye hata mimi ninayempinga leo namheshimu. Ni profesa wa uhandisi wa kilimo, amebobea kwenye udongo na maji. Mwaka 2015 alipewa ukamishna wa kujenga upya vijiji vilivyochomwa na Boko Haram, 2019 akachaguliwa gavana, 2023 akarudishwa tena. Hakumaliza hata mwaka madarakani akaibukia hospitali ya serikali usiku wa manane na kukuta wagonjwa hawana daktari. Julai 2020 msafara wake ulimiminiwa risasi karibu na Baga, naye akawanyooshea kidole hadharani wanajeshi wa nchi yake. Huyu si wa kukaa ofisini.

Ubishi wangu uko kwenye kambi. Tangu 2021 amezifunga moja baada ya nyingine kambi za wakimbizi wa ndani mjini Maiduguri, makao makuu ya Borno, na kuwarudisha watu vijijini na kwenye miji midogo. Shirika la Human Rights Watch lilisema hadi Agosti 2022 zaidi ya watu 140,000 walikuwa wameguswa na hatua hiyo.

Hoja zake si nyepesi. Anasema kambi zimezaa ukahaba na dawa za kulevya, na kwamba mkulima aliyekula mgao miaka saba anasahau jembe. Wanaomtetea huongeza kuwa wafadhili wamechoka, fedha zinapungua kila mwaka. Yote hayo nayakubali. Hakuna mzazi anayetaka mwanawe akulie kwenye hema.

Lakini Novemba 28, 2020, wakulima wa mpunga walikamatwa wakivuna huko Zabarmari, mwendo mfupi tu kutoka Maiduguri, wakafungwa kamba na kuchinjwa. Mazishini, mbele ya maiti 43, Zulum mwenyewe alisema watu wake wamebanwa pande mbili: wakikaa nyumbani njaa itawaua, wakienda shambani watauawa na waasi. Alilijua hilo. Mwaka uliofuata akaanza kufunga kambi.

Mimi nimekulia Kasulu, jirani na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kuna mama Mrundi alikuwa akituuzia mafuta ya mgao kwa vikombe, apate hela ya dagaa. Kila akipita mtu aliyetoka upande wa mpakani, yule mama hakuuliza kama vita vimekwisha. Aliuliza, "Nani analala kule?" Maana mchana mtu anaweza kwenda kupalilia na kurudi, hata serikali inaweza kuja na kamera. Usiku ndio unaosema kweli. Tangu hapo sijapata kipimo bora cha usalama wa kijiji.

Sasa tazama Darul Jamal, kijiji cha Borno karibu na mji wa Bama. Watu wamerudishwa 2025, nyumba zimejengwa upya, wanajeshi wapo. Septemba 5 mwaka huohuo waasi wakavamia usiku. Zaidi ya watu 60 waliuawa, wakiwemo askari. Gavana alifika kuwapa pole, na siamini huzuni yake ilikuwa ya kuigiza. Ila waliokufa walikuwa wamelala pale walipoambiwa pako salama.

Na hapa ndipo penye kiini. Nigeria, gavana haliamrishi jeshi wala polisi. Amri inatoka Abuja. Zulum anaweza kujenga nyumba, kuchimba kisima, kuajiri mwalimu. Bunduki ya kulinda hivyo vyote haiko mkononi mwake. Basi anawezaje kupanga tarehe ya kufunga kambi, wakati ulinzi anaotegemea hana mamlaka nao?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mashirika ya misaada yalizuiwa kugawa chakula kwenye maeneo ya waliorudishwa, kwa hoja ya kuwazoeza kujitegemea. Mtu atajitegemea kwa shamba lipi? Miji mingi ya Borno imezungushiwa mahandaki, na kilimo ni pale karibu jeshi linapoona. Ukivuka kutafuta kuni, unacheza na roho yako.

Nigeria imeridhia Mkataba wa Kampala wa 2009, unaotaka wakimbizi wa ndani warudi kwa hiari na kwa usalama. Hiari ni kuwa na njia ya pili. Aliyevunjiwa hema amebakiwa na njia gani?

Ningekuwa mshauri wake, ningemwambia aanze na hao wanaokwenda wenyewe, chakula kiendelee mpaka wavune misimu miwili, na kambi ifungwe ikishabaki tupu. Najua atajibiwa kwamba kwa mwendo huo watu watazeekea kambini. Wewe ungemwambia nini? Hasa ndugu wa Kigoma na Kakuma, mlioishi na wakimbizi mlango kwa mlango, nataka kuwasikia.