Boila jipya: likiwaka presha inafika 3, asubuhi 0.3. Shida ni nini?

Daftari

Habari zenu wadau. Boila letu la zamani lilikufa, jipya la gesi la kupasha joto nyumba limefungwa wiki tatu zilizopita, na tangu siku hiyo mimi ni mlinzi wa geji. Nimefanya uhasibu miaka mingi, kitu kisichoandikwa kwangu hakipo, kwa hiyo nina daftari lake.

Asubuhi, boila likiwa la baridi, geji ya presha inasoma bar 0.3. Nafungua koki ya kujazia, napandisha mpaka 1.3, nafunga. Nikiwasha, ndani ya dakika 20 mshale uko 2.8, kisha unafika 3 na kukomea hapo. Usiku linazimwa, asubuhi nakuta 0.3 tena. Katika siku 21 nimejaza maji mara 19.

Pili, linawaka dakika mbili, linazima, linapumzika, linawaka tena. Juzi nilivuta kiti nikakaa mbele yake na saa: mara 11 kwa saa moja.

Tatu, tuna rejeta saba, yale mabati ya ukutani yanayopitisha maji ya moto kupasha vyumba. Sita zinachoma, ya chumba cha mwisho ni vuguvugu tu, na ndani yake kuna sauti kama mtu anasukutua koo.

Fundi aliyelifunga kila nikimpigia ananiambia, "Ni hewa hiyo mama, mfumo mpya, litazoea." Nimetoa hewa kwenye rejeta zote mara mbili, kikombe mkono huu, kitambaa mkono ule. Hiyo hewa isiyoisha inatoka wapi? Na sakafu ni kavu nyumba nzima, nimepita kwa magoti.

Njiti

Boila ni dogo hilo, umepigwa. Dai wakuwekee kubwa zaidi, na pampu ipandishwe spidi ya mwisho.

KokiTatu

Njiti, boila dogo haliwaki dakika mbili likazima. Dogo lingewaka kutwa bila kupumzika na nyumba isipate joto. Hapa ni kinyume chake.

Dada Daftari, hizo namba zako zimenirahisishia kazi. Maji yakipata moto yanavimba. Lita 100 zikitoka nyuzi 15 kwenda nyuzi 70 zinaongezeka lita mbili na ushei, na mfumo wako umefungwa pande zote, hizo lita mbili hazina pa kwenda. Ndiyo maana huwekwa mtungi wa kupokea maji yanayovimba. Ndani una ngozi ya mpira: upande mmoja maji, upande wa pili upepo. Maji yakivimba yanausukuma mpira, yakipoa upepo unayarudisha. Mtungi ukifanya kazi, geji inatoka 1.3 baridi mpaka 1.8 au 2 ikiwa moto, basi. Yako inaruka mpaka 3 kwa sababu 3 ndipo vali ya usalama inapofunguka na kumwaga maji nje. Boila likipoa, maji yaliyomwagwa hayarudi, unakuta 0.3.

Hewa pia inaelezeka hapo hapo. Kila maji mapya unayojaza yanakuja na hewa yake, yakipata moto inajitenga. Wewe mwenyewe umekuwa ukiiingiza mara 19! Tena maji mapya yanaleta oksijeni, na oksijeni inakula chuma cha rejeta kutoka ndani.

Fanya hivi leo. Tafuta bomba dogo la shaba linalotokeza ukuta wa nje karibu na boila, mdomo wake umegeuziwa ukutani. Lifunge mfuko wa plastiki, legeza, usilizibe. Mkono usiweke hapo boila likiwa moto, maji yake yanaunguza. Halafu niambie: mtungi uko wapi, ndani ya boila au pembeni?

Daftari

Mtungi uko pembeni, mwekundu, mkubwa kama boga. Mfuko nimeufunga saa 12 jioni. Asubuhi una maji, nimeyapima kwa jagi la jikoni: lita 1.9. Huko nje ni changarawe, yanapotea tu, ndiyo maana ndani sikuona tone.

Sasa nidai mtungi mpya?

KokiTatu

Subiri kwanza. Kwenye mtungi kuna kifuniko cheusi, chini yake kidude kama cha tairi la gari. Bonyeza pini yake nusu sekunde tu. Yakitoka maji, mpira umepasuka, mtungi umekufa. Kisipotoka chochote, haukujazwa upepo. Ikitoka hewa kwa nguvu, mtungi ni mzima na kosa liko njiani, kati yake na bomba. Uushike pia kwa kiganja boila likiwa moto, uniambie.

Daftari

Imetoka hewa, "pssst" ya nguvu, nimeruka. Boila linachoma lakini mtungi ni wa baridi mwili mzima, hata kwenye shingo. Na kwenye bomba linaloingia kwenye mtungi kuna koki ndogo yenye mpini mwekundu. Mpini umelala kukata bomba. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa.

KokiTatu

Hiyo ndiyo shida yako. Mpini ukifuata bomba, koki imefunguka. Ukikata bomba, imefungwa. Yule bwana aliifunga wakati wa kazi akaisahau. Na mimi hapo sipendi koki yenye mpini kabisa, mtoto anaweza kuifunga. Anayejali kazi yake akishafungua anaung'oa mpini na kuufunga kwa waya pembeni.

Zima boila, acha lipoe kabisa, geji ikiwa chini ndiyo ufungue. Ukijaza uishie 1.3.

Mama wa Ghorofani

Naongezea kidogo, maana haya yalinikuta. Mwambie fundi aingie kwenye menyu ya mafundi apunguze nguvu ya kupasha rejeta. Langu lilitoka kiwandani limewekwa kilowati 30 na rejeta zangu zilikuwa hazimezi hata 10. Linawaka kwa kishindo, maji yanafika joto ulilolipangia kabla rejeta hazijanywa, linazima. Na kama umelipangia nyuzi 75, shusha mpaka 60. Boila za siku hizi zinaokoa gesi pale maji yanayorudi yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi, ndipo mvuke wa moshi unageuka maji na kuacha joto lake ndani.

Ila kifuniko cha mbele usikiguse, hapo ni kwa mwenye leseni ya gesi. Na kama hamna kengele ya kaboni monoksidi, iwekeni. Hiyo ni gesi ya sumu na haina harufu.

Daftari

Siku ya sita leo. Baridi 1.3, moto 1.7. Nimejaza maji mara sifuri!

Fundi amekuja, nimemfungulia daftari, akasoma ukurasa mzima bila kuniita mama. Ameshusha nguvu mpaka kilowati 12, sasa linawaka dakika 20 na zaidi kwa mkupuo. Ameng'oa mpini. Chumba cha mwisho alitaka kubadilisha rejeta, nikamwambia tujaribu kwanza kubana koki za chini za zile sita, nusu mzunguko kwa zilizo karibu na boila, ili maji yasukumwe mbali. Tulisubiri kama nusu saa hivi. Imechoma mpaka pembeni.

Kimebaki kitu kimoja. Lile bomba la nje bado linadondosha, tone moja kila sekunde 40, hata presha ikiwa 1.3.

KokiTatu

Vali ya usalama ikishafunguka mara nyingi, uchafu unakaa kwenye kitako chake na haifungi tena sawasawa. Ibadilishwe, ni kazi ya saa moja, na gharama ni ya aliyeisahau koki. Mpelekee hiyo hesabu ya sekunde 40.

Daftari

Nimeshampelekea. Anakuja Alhamisi.