Rekodi ipi ya Simfoni ya 9 ya Beethoven, Furtwängler 1951 au Karajan 1962? Naombeni ushauri wa haraka

TenaMgeni:
Wakuu habari za jioni. Naombeni mnisaidie maana nipo njia panda na usingizi umepungua. Nataka kuchagua rekodi moja tu ya Simfoni ya 9 ya Beethoven, ile yenye kwaya mwishoni, niifuate hiyo hiyo basi. Nimechuja nimebaki na mbili za waongozaji wawili wa okestra, ya Furtwängler iliyorekodiwa Bayreuth, Ujerumani, tarehe 29 Julai 1951 na ya Karajan na okestra ya Berlin ya 1962. Furtwängler sauti yake ya kizamani, watu wanakohoa ukumbini, ila ikifika ile sehemu ya tatu ya polepole kazi zote naacha nakaa chini. Karajan ni safi, kila chombo unakisikia, na soprano Gundula Janowitz kule juu anaimba bila kukaza shingo hata kidogo. Ipi bora? Naomba majibu kabla ya Jumamosi.

Mwalimu Kinanda:
Bora kwa kazi gani? Na Jumamosi kuna nini?

Kijana_wa_Ilala:
Aisee mkuu, humu watu wanakosa usingizi kwa marejesho ya mkopo we unakosa kwa Beethoven, ubarikiwe sana. Zote zipo YouTube, sikiliza zote mbili ulale.

Santuri:
Hapo kwa Furtwängler naomba niingilie, maana watu wanasema "Bayreuth 1951" kana kwamba ni kitu kimoja. Kuna ile ya kampuni ya rekodi ya EMI iliyotoka 1955, yeye mwenyewe alishafariki Novemba 1954, hiyo ndiyo dunia nzima imekua nayo. Halafu miaka mingi baadaye kampuni ya Orfeo wakatoa tepu ya Redio ya Bavaria ya siku hiyo hiyo na watu wakashtuka kwa sababu kuna sehemu haifanani na ya EMI, ndipo ubishi ukaanza ipi ni onyesho lenyewe na ipi imeunganishwa na vipande vya mazoezi. Baadaye BIS, kampuni nyingine, nao wakatoa matangazo yale kama yalivyopokelewa na redio ya Sweden. Mimi nayo yote matatu na kila mwaka nabadilisha mawazo. Kwa hiyo swali lako ni Furtwängler ipi?

TenaMgeni:
Asanteni. Mwalimu, ni kusikiliza tu kwa utulivu, Jumamosi nina nafasi. Santuri ninayo ile ya EMI. Naomba turudi kwenye swali, Furtwängler au Karajan.

Mama Mchungaji:
Kabla ya kuuliza nani bora ulize walikuwa watu gani. Karajan alikuwa na kadi ya chama cha Hitler. Furtwängler hakujiunga, lakini Aprili 1942 aliongoza simfoni hiyo hiyo Berlin kwenye sherehe ya kuamkia siku ya kuzaliwa ya Hitler na picha zipo, Goebbels, waziri wa propaganda, anampa mkono. Wanaimba "watu wote wawe ndugu" halafu aliyekaa mbele ni nani? Mimi ningechukua ya mwongozaji Bernstein, Berlin, Krismasi ya 1989, ukuta umetoka kufunguliwa, wanamuziki wa Ujerumani zote mbili na wa Marekani, Uingereza, Ufaransa na Urusi wamekaa pamoja, na pale kwenye neno Freude yaani furaha wakaimba Freiheit, uhuru.

Santuri:
Mama hoja yako nzito, siipingi. Ila ile ya 1989 ukiiacha historia yake pembeni ni nzito mno kwenye miguu, sehemu ya tatu inaburuzika.

Rift Valley Bass:
Mkiongelea siasa msisahau Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Serikali ya Ian Smith ilichukua hiyo tuni 1974 ikaifanya wimbo wa taifa, watu weusi wengi hawana kura wanaimbishwa furaha na undugu. Halafu Ulaya nao walikuwa washaichukua 1972, na aliyewapangia hiyo ya Ulaya ni Karajan mwenyewe. Mimi niliimba kipande cha mwisho kwa Kenya Music Festival nikiwa chuo, adjudicator akatuambia besi tunasukuma kama watu wa mkokoteni, mpaka leo nikisikia zile cello zikianza ile tuni chini chini peke yake nasimamisha gari kando. Tulikuwa tunaimba kwa Kiingereza na piano moja tu imekufa key mbili, lakini watu walilia kwa ukumbi.

Bibi Alto:
Mwanangu TenaMgeni, mtu wa kusikiliza tu hasemi "niifuate". Na jina umejiita Tena, sauti ya juu ya wanaume kwenye kwaya. Unaimba wapi?

TenaMgeni:
Shikamoo bibi. Sawa niseme. Nipo Ujerumani, nilikuja kusomea uuguzi. Nyumbani nilikuwa kwaya ya usharika Machame tangu Sunday school. Huku kuna kwaya ya mradi, yaani wanakusanya watu wa kawaida wanafanya mazoezi miezi kadhaa halafu wanaimba simfoni hii na okestra tarehe 31 Desemba, ni desturi ya huku, Leipzig walianza 1918 vita ilipoisha, mwongozaji Nikisch akaongoza usiku ule ili ile sehemu ya mwisho yenye kwaya ifike saa sita mwaka mpya ukiingia. Mimi nipo sauti ya tena. Jumamosi ndiyo mara ya kwanza mwongozaji mwenyewe anakuja, mpaka sasa tulikuwa na msaidizi na piano. Ndiyo maana nataka rekodi moja niishike.

Mwalimu Kinanda:
Sasa tunaongea. Rekodi siyo swali la kwanza. Mwongozaji anatumia toleo gani la nota na amesema spidi gani? Na kama kitabu cha nota unacho mkononi, rekodi ya kushika ni ya nini?

TenaMgeni:
Toleo ni la wachapaji Bärenreiter. Msaidizi amesema bwana mkubwa anakwenda haraka. Ila mwalimu naomba unielewe, sehemu yangu nimeshaishika yote kwa Furtwängler, nikiwa kwenye treni, nikiwa jikoni, kila pumzi yake naijua. Pale kwaya inapoimba "vor Gott", mbele za Mungu, anaishikilia ile sauti mpaka unadhani paa litang'oka. Siyo kwamba naanza leo. Nilichotaka ni mtu aniambie kama inatosha au niongeze Karajan juu yake.

Mama Mchungaji:
Kumbe Mlutheri wa Machame. Na unajua unachoimba? "Binti wa Elizio", "cheche ya miungu". Kwaya ya usharika imekulea uende kuwaimbia miungu ya Wagiriki mkesha wa mwaka mpya badala ya kuwa ibadani?

TenaMgeni:
Mama nimelisoma shairi lote la Schiller, la 1785, kwa kamusi neno kwa neno. Ndani yake yapo pia haya, ndugu, juu ya hema la nyota lazima anakaa Baba mwenye upendo. Mimi nikifika hapo naimba kama ninavyoimba nyumbani. Na ibada ya mkesha huku ni saa kumi na moja jioni nitawahi.

Mwalimu Kinanda:
Mdogo wangu hujajibu. Kitabu unacho, kwa nini ujifunze kwa sikio?

TenaMgeni:
Sisomi nota za mistari. Nasoma solfa, zile herufi za do re mi. Fomu yao iliuliza kama unasoma nota nikaandika ndiyo, na solfa ni nota, sikudanganya, nimeimba Handel yote kwa solfa na hakuna aliyewahi kunikuta nimepotea. Wenzangu wanageuza kurasa na mimi nageuza. Mpaka sasa hakuna aliyejua.

Kijana_wa_Ilala:
Duh. Anageuza kurasa. Nimekuheshimu kuanzia sasa.

Santuri:
Ndugu sasa nakuomba kwa moyo mmoja achana na Furtwängler kwa kazi hii. Siyo kwamba ni mbaya, mimi nikizikwa waipige hiyo. Lakini ile rekodi haina spidi moja, anavuta anaachia anavuta, na ukurasa wa mwisho anakimbia mpaka okestra inamwagika, hakuna mwanadamu mwingine anaimaliza vile. Inachukua kama dakika 74. Bwana wenu mwenye nota za Bärenreiter anaweza kuimaliza kwa saa moja. Nota zile alizihariri Jonathan Del Mar zikatoka 1996, na mwongozaji David Zinman na okestra ya Tonhalle ya Zürich wakazirekodi mwishoni mwa miaka ya 1990, shika hiyo. Mwongozaji Gardiner naye anakimbia vile vile lakini vyombo vyake ni vya mtindo wa kale na tyuni iko chini kuliko ya leo, ukizoea hiyo Jumamosi utaona kila kitu kimepanda. Na pale kwenye machi, ile sehemu ya mwendo wa gwaride, kwa tena pale ndipo kwenye shughuli, waongozaji hawakubaliani kabisa: Norrington 1987 anaifanya machi ya kutembea taratibu, Gardiner anaikimbiza, na wote wawili wanakwambia wamefuata namba ya Beethoven. Rekodi haiwezi kukuambia huyu wako atafanya lipi.

Mpelelezi:
Jamani samahani nawaharibia. Nimepekua. Mwezi wa tatu account hii hii iliuliza bei ya pikipiki used Ifakara, "nipo hapa Ifakara sasa hivi nina cash". Leo yupo Ujerumani anaimba Beethoven usiku wa mwaka mpya kwa nota asizozisoma na Wajerumani hawajamshtukia. Hii ni chai wakuu. Tena ya maziwa.

Kijana_wa_Ilala:
Weka picha basi.

Rift Valley Bass:
Nilikuwa nimeanza kushangaa pia. Kwaya gani inachukua mtu bila kumsikia akisoma?

Mama Mchungaji:
Na mimi nimemwombea tayari.

Mjomba_Lushi:
Bandugu, niko Lubumbashi. Munashangaa nini mutu mweusi akiimba Beethoven? Kinshasa kuko okestra ya Bakimbanguiste, batu ba kanisa la Kimbangu, toka 1994, Diangienda ndiye aliianzisha, bengi mwanzo hawakujua kusoma nota wala violoni hawana, moja inapita mikono ya batu wengi, na hii simfoni ya 9 beliipiga, na Bajerumani bakakuja kutengeneza filamu ikatoka 2010. Kama ni chai basi ile ya Kinshasa ni chai pia.

Mpelelezi:
Kinshasa sijakataa. Nakataa Ifakara.

TenaMgeni:
Account tulikuwa tunatumia na kaka yangu, yeye ndiye wa Ifakara, pikipiki alinunua na anaiendesha. Picha siweki, kwaya ni ndogo na nimeshaeleza suala la nota, nikiweka picha nimejichongea. Asiyeamini aache, ila anayejua anisaidie, Jumamosi inafika.

Bibi Alto:
Ngoja nimuulize mimi, nimeiimba hii kabla wengi wenu hamjazaliwa. Mwanangu, pale pa "Seid umschlungen", kumbatianeni, mnaanza akina nani, na chombo gani kiko nanyi? Na baada ya hapo soprano wanateseka wapi?

TenaMgeni:
Tunaanza tena na besi tu, wanawake wamenyamaza, na tromboni inapiga kile kile tunachoimba, msaidizi alisema tusiishindanie. Soprano wanateseka kwenye fuga, pale sauti zinapofukuzana kwa mada ile ile, wanashika A ya juu baa nyingi bila kushuka, na wakati huo sisi huku chini maneno yanakimbia, mimi ndipo napotelea, nasikia wao badala ya kujisikia. Kwa Furtwängler hiyo fuga naiweza. Kwa piano ya msaidizi juzi nilifungua mdomo tu bila sauti.

Mpelelezi:
Ya tromboni hata Google ipo.

Bibi Alto:
Ya kufungua mdomo bila sauti haipo Google. Huyu anaimba.

Mwalimu Kinanda:
Mimi namjibu kama mwenzangu. Kaa na penseli usiku wa leo. Kwenye kitabu chako juu ya kila sehemu andika Do iko wapi, maana kinachokupoteza siyo spidi peke yake, Do inahama na wewe umeishika kwa sikio bila kujua imehama. Tuni kuu Do ni D, m m f s, s f m r, hiyo unaijua. Machi ya solo ya tena Do ni B flat, wanaume mnaingia hapo hapo. Okestra inacheza fuga yake peke yake, mkirudi wote Do imerudi D. "Seid umschlungen" Do ni G. Fuga yenye mada mbili Do ni D tena. Andika solfa ya tena juu ya nota kwa fuga yote, usiku mmoja unatosha kama unaijua kwa kichwa kama unavyosema. Ukishamaliza cheza Zinman na uimbe ukisoma ulichoandika. Karajan mtumie kwa maneno tu, kwaya yake ya Singverein ya Vienna wanatamka vizuri na dakika zake kama 67 hazikuchoshi.

TenaMgeni:
Mwalimu asante sana. Nimemsikiliza Zinman nusu saa iliyopita, fuga imepita nikiwa bado natafuta ukurasa. Nimeanza kuandika. Furtwängler lakini siifuti, msinilazimishe, kwa muziki wenyewe bado naona ndiye anayejua kwa nini ile kwaya inaingia. Swali moja, pale tunapoimba "Ihr stürzt nieder" Do niandike ipi? Nimejaribu G haikai.

Mwalimu Kinanda:
Haikai kwa sababu hapo ameiyumbisha makusudi. Andika B flat kwa penseli nyepesi uanzie la, na kama kuna besi mzuri simama karibu naye. Jumamosi mwambie msaidizi ukweli kabla mkubwa hajaingia, umwonyeshe hizo solfa ulizoandika. Halafu urudi humu utuambie machi amechukua spidi gani, mimi na Santuri tuna ubishi wetu hapo.

Santuri:
Ya Gardiner. Naweka soda kreti nzima.